Usukani wa Umeme na Haki ya Gari Kupimwa

Dereva wa gari dogo la Kijapani, awe anatoka Mbagala kwenda Kariakoo au anavuka daraja la Nyali kuingia mjini Mombasa, anapowasha gari asubuhi akaona kwenye dashibodi herufi mbili, P/S, zimewaka wala hazizimiki, na usukani aliouzoea kuuzungusha kwa vidole viwili umegeuka mzito hata ahitaji mikono yote na nguvu za mabega kulitoa gari kwenye maegesho, aghalabu hupewa na gereji ya kwanza aifikiayo jawabu moja tu, nalo ni kwamba usukani umekufa na hapana budi kununua mwingine. Jawabu hilo hutolewa upesi, hutolewa kwa sauti ya mtu mwenye yakini, na mara nyingi mno halikutanguliwa na kipimo chochote. Nasema bila ya kusitasita kwamba hiyo ni dhuluma, ijapokuwa aghalabu haifanywi kwa nia mbaya. Ni dhuluma kwa mwenye gari, ambaye hutoa akiba yake kwa ajili ya kitu ambacho pengine hakikuharibika, na ni dhuluma kwa ufundi wenyewe, ambao hupungukiwa heshima kila mara spea inapobadilishwa kwa kubahatisha.

Ili hoja hii ieleweke, yafaa kwanza kujua usukani huu wa umeme ulikotoka. Kabla ya umeme yalikuwapo mafuta. Mhandisi wa Marekani Francis Davis, aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni ya magari ya Pierce-Arrow, alibuni katika miaka ya 1920 usukani unaosaidiwa kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa na pampu, lakini miaka mingi ikapita kabla kampuni ya Chrysler haijauweka sokoni, mwaka 1951, katika gari lake la Imperial. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mtu aliposema pawa stelingi, ndiyo P/S ile ya kwenye dashibodi, alikuwa anasema habari za pampu, mipira, chupa ya mafuta na mkanda. Na pampu ile, kwa kuwa imefungwa kwenye injini, ilizunguka saa zote, dereva akate kona au asikate, ikila petroli hata katika barabara iliyonyooka. Mwaka 1988 gari dogo la Suzuki liitwalo Cervo lilitoka Japani likiwa na mota ya umeme mahali pa pampu. Miaka miwili baadaye Honda ikautia usukani wa umeme katika gari lake la mbio, NSX. Na Toyota ilipotoa Prius mwaka 1997, gari ambalo injini yake ya petroli huzimika na kuwaka yenyewe njiani, ikawa dhahiri kwamba pampu ya mkanda haiwezi tena kutegemewa, kwani injini ikizimika na msaada wa usukani ungezimika nayo. Toka hapo magari madogo yakafuata, Vitz, Passo, Fit na jamaa zao, na kwa kuwa magari hayo ndiyo yashukayo kwa wingi katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika miaka kadhaa ugenini (Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka minane), basi kilichokuwa uvumbuzi wa wahandisi kimekuwa leo shida ya mwalimu, ya muuza duka na ya dereva wa teksi.

Kazi ya usukani huu si ngumu kuifahamu. Chini ya dashibodi, ndani ya mhimili wa usukani, shafti itokayo kwenye mikono ya dereva imekatwa katikati, na vipande vyake viwili vimeunganishwa kwa ufito mwembamba wa chuma ambao hujisokota kidogo, kiasi cha nyuzi chache tu, kila dereva anapokata kona. Sensa iliyouzunguka ufito huo hupima msokoto na kuupeleka kwenye kompyuta ya usukani ukiwa katika sura ya volti. Na kompyuta, ikisha kuilinganisha habari hiyo na habari ya mwendo wa gari, huiamrisha mota ya umeme isukume upande uleule kwa kadiri inayostahili, kwa nguvu nyingi gari linapoegeshwa, kwa nguvu chache linapokimbia barabara kuu, ili usukani usiwe mwepesi kupita kiasi na kumponza dereva. Mwenye kusukuma mkokoteni sokoni anaujua msaada wa namna hii, pale mwenzake anaposhika nyuma na, pasipo kuambiwa neno, akaongeza nguvu mlimani na kuipunguza njia inapotelemka.

Kompyuta ikitilia shaka habari yoyote miongoni mwa hizo, hukata umeme wa mota na kuwasha taa. Hapo dereva hubaki na shafti yake ya chuma iliyoungana na magurudumu kama siku zote. Gari hugeuka, ila kwa nguvu za mwili wake mwenyewe. Hili yafaa lijulikane sana, kwa sababu wako watu ambao taa ikiwaka huamini kwamba gari halitageuka kabisa, wakafunga breki katikati ya barabara na kuleta balaa kubwa kuliko hitilafu yenyewe. Hatari ya kweli imo katika kushtukizwa: msaada ukitoweka ghafla katikati ya kona, mikono iliyozoea wepesi haiwahi kuongeza nguvu. Ndiyo maana mwezi Machi mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliyaita zaidi ya magari milioni moja nchini Marekani ili yarekebishwe, kwa kuwa msaada wa umeme katika usukani wake uliweza kukatika ghafla.

Sasa nije kwenye kiini. Kwa kadiri nilivyoshuhudia katika gereji za pwani, na kwa kadiri mafundi waaminifu wanavyokiri wenyewe, sehemu kubwa ya magari yanayoletwa kwa sababu ya usukani mzito hayana kasoro katika sensa, wala katika mota, wala katika kompyuta; yana kasoro katika umeme unaozilisha. Mota hii ni mlaji asiye na mfano katika gari dogo. Taa moja ya mbele hutumia takriban ampea tano. Mota ya usukani, gari likiwa limesimama na dereva akikata hadi mwisho, yaweza kudai mara kumi ya hizo, na ndiyo sababu fyuzi yake katika magari mengi madogo huwa ya ampea 50 au 60, kubwa kuliko za jirani zake zote. Kwa hiyo betri iliyochoka, ambayo bado ina uwezo wa kuwasha redio, kupiga honi na hata kuwasha injini kwa taabu kidogo, huweza kushindwa na usukani. Na altaneta ambayo mkanda wake umelegea huweza kutosheleza kila kitu ghairi ya usukani. Mwenye gari husema, na husema kwa haki, kwamba umeme upo kwa sababu taa zinawaka. Umeme upo, lakini hautoshi pale unapodaiwa.

Hapa ndipo mita inapopambanua. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, volti 12.6 kwenye betri ni dalili ya betri iliyojaa. Injini ikiunguruma, altaneta nzima hutoa kati ya volti 13.5 na 14.5. Vipimo hivyo viwili kila fundi anavijua. Kipimo cha tatu, ambacho wachache hukifanya ilhali ndicho chenye siri, ni kupima umeme unaopotea njiani wakati mota inafanya kazi: mguu mmoja wa mita hushikwa kwenye hasi ya betri na wa pili kwenye ethi ya kompyuta ya usukani, kisha mtu mwingine huzungusha usukani hadi mwisho gari likiwa limewashwa papo hapo liliposimama. Mita ikisoma chini ya robo ya volti, njia ni safi. Ikipanda zaidi ya hapo, kuna mahali waya, bolti au soketi inauzuia umeme, na kipingamizi hicho hakionekani kamwe kwa taa ya kupimia ambayo mafundi wengi hutembea nayo mfukoni, kwa kuwa taa ile ndogo hutosheka na umeme kidogo mno.

Nilimwona fundi wa Mwananyamala akiletewa Vitz na mama mmoja wa makamo aliyekwisha kuambiwa mahali pengine kuwa atafute kompyuta mpya ya usukani. Fundi, kijana asiyezidi miaka thelathini, alimwamkia, "Shikamoo mama," na baada ya kuitikiwa marahaba akamsikiliza hadi mwisho pasipo kumkatiza.

"Wameniambia kontrol boksi imekufa, mwanangu."

"Huenda, mama. Ila niruhusu niipime kwanza, ndipo tuseme."

Akamweka mwanafunzi wake kwenye kiti cha dereva, yeye akalala chali sakafuni mwa gari, kichwa chini ya dashibodi na mita kifuani. Usukani ukiwa umetulia, mita ilisoma 0.04. Mwanafunzi alipoanza kukata kulia, tarakimu zikapanda upesi, 0.6, 1.2, zikafika 1.9, na wakati huohuo taa ya P/S ikawaka na usukani ukawa mzito mikononi mwake. Karibu volti mbili nzima zilikuwa zinapotelea njiani. Fundi akaufuata waya wa ethi kwa vidole, akafika pale ulipofungwa kwenye bodi nyuma ya ubao wa pembeni, akaikuta bolti imeshika vizuri kwa macho lakini chini ya kichwa chake kumejaa ukoko wa kijani, kazi ya maji ya chumvi yaliyopata kuingia ndani ya gari, hapa kwetu au huko lilikotoka. Akaikwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akaikaza, akaipaka grisi, akapima tena: 0.05, usukani ukizunguka hadi mwisho pande zote mbili. Kisha akafuta kwa mashine kodi, yaani alama za hitilafu zilizowekwa na kompyuta, na taa haikurudi.

Ukoko wa namna ile wakazi wa mwambao wanaufahamu, maana hewa ya bahari hula kila kilicho wazi. Na mvua za masika zikisha kufurika Jangwani na mitaa mingine ya bondeni, magari yaliyozama hadi sakafuni huanza kuonyesha hitilafu miezi kadhaa baadaye, wakati mwenyewe amekwisha kuyasahau mafuriko. Si maji peke yake. Wafungaji wa redio kubwa, wa ving'ora na wa vifaa vya kufuatilia gari hupenda kuazima umeme na ethi popote wanapoona bolti iliyo karibu. Waoshaji wa injini hupuliza maji kwa nguvu kwenye soketi ambazo hazikuumbwa kwa ajili hiyo. Na mwenye gari, betri inapokufa, huuziwa ndogo kuliko iliyokuwapo kwa sababu ni rahisi na inaenea mahali pake.

Kabla hata ya umeme, hata hivyo, liko swali ambalo fundi makini hujiuliza: je, uzito huu ni wa usukani au ni wa magurudumu? Usukani ukiwa mzito na taa ikiwaka, shitaka huelekea kwenye umeme; ukiwa mzito na taa isiwake, shitaka huelekea kwenye chuma. Tairi zisizo na upepo wa kutosha, boli jointi iliyokauka, kiungo cha shafti ya kati kilichoshika kutu, beringi ya juu ya shokapu iliyokwama, au rimu pana za urembo ambazo mtengenezaji hakuzikusudia kwa gari hilo, zote huuchosha usukani pasipo kompyuta kulalamika, maana kompyuta huona tu kwamba dereva anasukuma kwa nguvu nayo inamsaidia kadiri iwezavyo. Njia ya kupambanua ni nyepesi: gari liinuliwe kwa jeki magurudumu ya mbele yaelee, lizimwe, na usukani uzungushwe kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho. Ukienda sawasawa, pasipo kukwama wala kukwaruza, chuma hakina hatia. Ukishika mahali na kuachia mahali, hakuna kompyuta ya bei yoyote itakayouponya.

Na uko uzito ambao si hitilafu kabisa. Dereva anayeegesha katika vichochoro vya Kariakoo, akikata mbele na nyuma mara nyingi kwenye nafasi finyu huku akiushikilia usukani mwishoni, huitia mota joto kali, na kompyuta kwa kuihami hupunguza msaada kidogo kidogo. Gari likipumzishwa dakika kumi hivi bila ya usukani kuguswa, wepesi hurudi. Magari yamewahi kufunguliwa dashibodi nzima kwa sababu ya jambo hili ambalo kitabu cha gari hulieleza kwa mistari michache. Lakini kitabu chenyewe kimeandikwa Kijapani na hulala kwenye droo ya dashibodi tangu siku gari liliposhuka melini.

Tatizo jingine, ambalo huleta ugomvi mwingi kati ya gereji na gereji, ni gari kuvuta upande mmoja. Mwenye gari hupelekwa kufanya alaimenti mara ya kwanza na ya pili, hubadilisha tairi mbele na nyuma, hununua tairodi mpya, na bado gari linakwenda kushoto. Yamkini wote waliomhudumia walifanya kazi yao vizuri, lakini sensa ya msokoto ndiyo inayodanganya. Katika Toyota nyingi sensa hiyo hutoa habari mbili zilizo sawa, kila moja karibu volti 2.5 usukani ukiwa haukuguswa. Usukani ukikatwa kulia huongezeka, ukikatwa kushoto hupungua. Sensa ikiamini kwamba mahali pa kutulia pamesogea hata kidogo, mota husukuma upande mmoja kwa unyonge pasipo kuombwa, na dereva huhisi kana kwamba barabara ina mteremko. Kipimo ni hiki: magurudumu ya mbele yainuliwe, gari liwashwe, usukani uwekwe katikati na mikono iondolewe. Ukianza kuzunguka wenyewe, ama ukiwa mwepesi kulia na mgumu kushoto, basi alaimenti haihusiki. Gari lizimwe mara moja, vidole vikae mbali.

Marekebisho yake aghalabu hayahitaji spea. Sensa hufundishwa upya mahali pake pa sifuri kwa mashine ya kusomea gari: gari huwekwa penye usawa, magurudumu yakinyooka, hapana mtu anayegusa usukani wala anayeegemea mlango, na kompyuta huamriwa ipokee hali hiyo kuwa ndiyo utulivu. Ni kazi ya dakika chache. Fundi anayebadilisha mhimili au kompyuta ya usukani asifanye hivyo huliacha gari katika hali ambayo Toyota huiandikia kodi mbili mahsusi, C1515 na C1516. Na nimeona, kwa masikitiko, gari lililouziwa mihimili miwili mfululizo kwa sababu ya kodi hizo, ilhali mhimili wa kwanza ulikuwa mzima na ulichokosa ni kufundishwa tu.

Na hapa nataka kukaa kidogo kwenye habari ya kodi, kwa sababu mashine ya kusoma gari, ambayo ni neema kubwa, imegeuzwa na baadhi ya watu kuwa kadhi asiyepingwa. Katika Toyota, C1511 hadi C1514 huhusu sensa ya msokoto na umeme wake; C1541 huhusu habari ya mwendo wa gari; C1551 na C1552 huhusu umeme unaoingia kwenye kompyuta. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema badilisha. Kodi hutaja njia ambamo habari imepotea, na ndani ya njia hiyo mna waya, soketi, pini, fyuzi, sensa na kompyuta yenyewe, na fundi ndiye mwenye wajibu wa kusema ni kipi. Anayesoma C1512 akaagiza mhimili amesoma nusu ya maneno. Anayesoma C1512, akafungua soketi ya sensa iliyo pembeni mwa mhimili, akatazama pini kama zimeingia ukungu, akapima volti zinazolisha sensa kama zinafika kamili, huyo ndiye aliyesoma.

Kadhalika kuna hitilafu zisizo za umeme ndani ya chombo hiki cha umeme. Mota haisukumi shafti moja kwa moja. Huzungusha gia ya parafujo inayoshikana na gurudumu la meno la plastiki ngumu. Mwezi Oktoba mwaka 2024 Honda iliyaita nchini Marekani magari yapatayo milioni 1.7, miongoni mwao Civic za toleo la mwaka 2022 na kuendelea, kwa sababu usukani ulikuwa unanata pale katikati, dereva akitaka kuunyoosha kidogo barabarani unakataa, kisha unaruka. Kompyuta hazikuwa na kosa. Gurudumu lile la meno lilitengenezwa isivyo sawa na grisi ikapungua pale meno yanaposuguana, na dawa iliyoamriwa ni kubadilisha springi ya gia na kuitandaza grisi upya au kuiongeza. Katika magari ya Hyundai na Kia, nako, mlio wa kugonga unaosikika ndani ya mhimili barabara ikiwa mbovu mara nyingi hutoka kwenye kipande kidogo cha mpira chenye umbo la nyota kinachounganisha mota na gia, ambacho huliwa na miaka kikasagika. Kipande hicho ni cha bei ndogo sana ukilinganisha na mhimili, ijapokuwa saa za kukifikia ni nyingi. Mwenye gari akisikia mlio huo asikubali upesi kwamba kila kitu kimekwisha.

Siku nyingine, bila ya shaka, mhimili umekufa kweli, na hapo swali huwa ni wapi utapatikana. Mitaa ya Gerezani na Ilala kwa Dar es Salaam, na barabara ya Kirinyaga kwa Nairobi, ina spea zilizotolewa kwenye magari yaliyovunjwa, na kununua huko si aibu wala si kosa; kosa ni kununua kwa sura. Kompyuta ya usukani ya Toyota huandikwa nambari inayoanza na 89650, ikifuatwa na tarakimu nyingine tano, na tarakimu hizo tano ndizo zinazosema kama kompyuta hiyo ilikusudiwa Vitz ya injini ndogo au ya injini kubwa, kwa uzito gani wa mbele na kwa kipimo gani cha msaada. Boksi zikifanana kwa umbo na soketi zikaingiliana, gari huweza kutembea, lakini msaada ukawa mwingi kupita kiasi katika mwendo wa kasi au mdogo mno katika maegesho. Basi mnunuzi na aende na nambari, au aende na boksi lake la zamani mkononi, akalinganishe herufi kwa herufi. Wala boksi la zamani lisitupwe: wako vijana waliojifunza ufundi wa simu na redio ambao hufungua kompyuta hizi, wakayeyusha upya risasi zilizopasuka kwenye miguu ya rilei, wakabadilisha rilei yenyewe iliyoungua midomo, na gari likarudi barabarani kwa gharama ndogo. Ufundi huo ni mpya miongoni mwetu na unastahili kuungwa mkono.

Tahadhari moja haina mjadala. Katikati ya usukani mna mfuko wa hewa wenye baruti, na mhimili hauwezi kutolewa pasipo kuupitia. Waya wa hasi wa betri ufunguliwe kwanza, kisha kazi ingoje angalau sekunde 90 ndipo mkono uguse kitu, kwa kuwa umeme uliosalia ndani huweza kuufyatua. Nyundo nayo isitumike kabisa kwenye shafti: ufito ule mwembamba uliotajwa hapo juu, ambao hujisokota nyuzi chache tu, haustahimili pigo, na katika magari mengi hauuzwi peke yake.

Kuhusu malipo, na niseme wazi. Fundi anayetumia saa mbili kupima, asibadilishe kitu, akaipata bolti yenye kutu, amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyefunga mhimili mpya kwa saa mbili zilezile. Walakini wateja wengi humlipa wa pili bila ya kunung'unika na humwona wa kwanza mlaghai akitaja ujira. Madhali tunalipia spea tu, tutauziwa spea tu. Mafundi wengi wangependa kupima, wana mita na wana elimu, lakini wamejifunza kutoka kwetu kwamba kupima hakuwalishi watoto. Mwenye gari akubaliane na fundi tangu mwanzo ujira wa kipimo, hata kama hakuna kitakachobadilishwa, aonyeshwe tarakimu kwenye mita kabla na baada ya kazi, na spea yoyote iliyotolewa akabidhiwe.

Anayekwenda kununua gari yadini au kwa mtu naye anaweza kujikinga kwa kitendo kidogo. Ageuze ufunguo pasipo kuwasha injini, atazame kama taa ya P/S, au alama ya usukani yenye kishangao kwa magari mengine, imewaka. Kisha awashe injini aone kama imezimika. Aukate usukani gari likiwa limesimama, kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, taa za mbele zikiwaka na feni ya ndani ikivuma kwa nguvu zote, asikilize kama injini inalegea na atazame kama taa zinafifia. Aulize betri ni ya lini. Na endapo taa ile haikuwaka kabisa ufunguo ulipogeuzwa, ajue kwamba huenda balbu yake imeng'olewa ama imezibwa ili isiseme, na bei ya gari hilo ijadiliwe upya baada ya fundi mwenye mita kulala chini ya dashibodi.